Waliyoyafanya Kabla ya Moto

Basi la mahujaji lilivuka daraja la Kyaka alfajiri, rozari ya pili ikiwa katikati. Majeshi ya Idi Amin yalililipua daraja hilo mwaka 1978, na wazee waliokuwemo ndani ya basi hawakuweza kulipita bila kulitaja. Salamu Maria zikapungua sauti, mzee mmoja akatuonyesha upande walikokimbilia na mbuzi wao, kiongozi wa sala akakohoa, rozari ikaendelea.

Mimi ni Mlutheri. Nimekulia katika nyumba ambamo watakatifu walisomwa habari zao na kuheshimiwa, ila hawakuombwa kitu. Nilikuwa kwenye basi lile kwa sababu shangazi yangu wa Bukoba, Mkatoliki asiyekosa Misa hata mvua inyeshe ya mawe, ameanza kusumbuliwa na magoti, na alitaka kufika Namugongo, Uganda, kabla hayajamgomea kabisa. "Utanibebea kiti," aliniambia kwenye simu, kana kwamba shughuli ilikuwa hiyo tu. Nikabeba kiti cha plastiki cha kukunja, chupa ya chai, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna aliyosema itawafaa wenyeji watakaotupokea. Wenyeji hawakuiona. Aliitafuna mwenyewe kabla hatujafika Masaka.

Kwa watu wa Kagera, Namugongo ni karibu kuliko Dar es Salaam. Kila mwaka kuelekea tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887, barabara ya Mutukula hujaa mabasi yenye mabango ya parokia, na pembeni mwake watembea kwa miguu wenye rozari shingoni na kandambili zilizokwisha visigino. Ujirani huo ni wa tangu mwanzo wa habari yenyewe. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, Wamisionari wa Afrika, walivuka ziwa kutoka Kageye, upande wa Mwanza, wakatia nanga Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Kiswahili kilikuwa kimewatangulia ikulu kwa Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kimepelekwa na wafanyabiashara wa Zanzibar, na ndicho walichoanza kufundishia. Mwaka 1882 mambo yalipoharibika walirudi kusini mwa ziwa, wakakaa Bukumbi, na hawakuonekana tena Buganda hadi katikati ya 1885.

Wanaosimulia habari za mashahidi hawa huiruka miaka hiyo karibu mitatu isiyo na padre kama watu wanaoharakisha kufika kwenye moto wa Namugongo. Mimi niliisoma njiani, nikakwama hapo. Waliobaki walikuwa waongofu wachache, wengi wao vijana, na baadhi yao hata ubatizo walikuwa bado hawajapewa. Hawakuwa na kanisa wala mshahara. Wakafundishana. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwashika wale wa ikulu, Andrea Kaggwa akawa na kundi lake, Matia Mulumba na wenzake wakaanzisha lao huko Ssingo, upande wa Mityana. Mwalimu alikuwa mwenzako aliyekutangulia ukurasa mmoja. Mapadre waliporudi walikuta watu wengi kuliko waliowaacha.

Tulipovuka Kyaka, shangazi alinigusa bega akaelekeza kidole upande wa msitu wa Minziro. "Huko ndiko kwao." Alimaanisha shahidi Yohana Maria Muzeeyi. Habari za maisha yake zinasema alizaliwa Minziro, enzi hizo ikihesabiwa ni Buddu ya Buganda. Leo ni wilaya ya Missenyi, Tanzania. Kumbe shangazi alikuwa na ajenda. Jumuiya yao ndogo ndogo ilikuwa imekua hadi nyumba hazitoshi kusalia, ikagawanywa sehemu mbili, na nusu mpya haikuwa na mtakatifu msimamizi. Shahidi Kizito alikwishachukuliwa na jumuiya nyingine ya parokia hiyohiyo, Karoli Lwanga vilevile, na paroko hakutaka majina yarudiwe. Shangazi alikuwa anampigia kampeni Muzeeyi, na hija hii, pamoja na mambo mengine, ilikuwa safari ya kukusanya hoja.

Hoja alikuwa nazo. Muzeeyi aliitwa mzee akiwa bado kijana, kwa utulivu wake. Alichopata alikitumia kukomboa watumwa, na akishawakomboa aliwafundisha. Aliwauguza wagonjwa. Baada ya mauaji ya Juni 1886, wenzake waliosalia walijificha, naye akashauriwa afanye hivyo. Alipoitwa ikulu, akaenda. Akakatwa kichwa tarehe 27 Januari 1887 na mwili ukatupwa kwenye kinamasi; ndiye wa mwisho kati ya mashahidi Wakatoliki 22. "Lakini hakuchomwa," mama mmoja wa kiti cha nyuma alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa kasoro. Shangazi alimgeukia polepole. "Kwa hiyo mpaka mtu achomwe?"

Swali hilo lilinifuata safari nzima.

Mutukula, mpakani, tulipanga foleni ya kugongewa pasi, mhujaji mmoja akagundua kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano imebaki nyumbani, tukamsubiri. Lukaya wauza nyama choma na gonja walilivamia basi madirishani wakiwa wamevaa aproni za rangi moja, na kwa dakika chache ibada ilisimama kabisa. Kampala ilitupokea kwa foleni ya magari ambayo sitaisimulia. Mwenye kuijua anaijua.

Kiongozi wetu, katekista mstaafu, alikuwa na msimamo: hakuna kwenda Namugongo moja kwa moja. Tutaanzia Munyonyo, walikohukumiwa, kisha tufuate njia yao. Munyonyo iko ufukweni mwa ziwa, kusini mwa mji, jirani na hoteli kubwa ya mikutano. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga alikuwa na makazi yake pale. Alirithi kiti mwaka 1884 baada ya Mutesa kufa, na wakati wa mauaji yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama 18. Hofu zake hazikuwa za kubuni. Wazungu walikuwa wanamkaribia pande zote, na ikulu yake ilikuwa imejaa vijana wanaotii mwingine juu yake. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa wahudumu vijana wa ukumbi mkubwa wa Kabaka, na Kabaka alipowataka vijana hao kwa matamanio yake, Lwanga aliwaondoa njiani. Leo atamtuma huyu mbali, kesho atamfungia yule kazi upande wa pili. Alifanya hivyo kwa miezi, kila siku, bila mtu kumshangilia.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, vijana wakijua kesho yake itakuwaje, Lwanga aliwabatiza wale waliokuwa bado, akiwemo Kizito mwenye umri wa miaka 14 hivi. Asubuhi Kabaka aliwaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Lwanga akatoka, wengine wakamfuata.

Pale Munyonyo, hata hivyo, aliyenishika ni Andrea Kaggwa. Alitoka Bunyoro akiwa mtoto aliyetekwa vitani, akakua hadi kuwa mkuu wa ngoma na tarumbeta za Kabaka. Alikuwa na mke, na nyumba yake ilikuwa darasa. Alifundisha hata watoto wa Katikkiro, waziri mkuu, na hilo ndilo lililomponza. Katikkiro aliapa hatakula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa uliokatwa. Wauaji walikuwa wanasitasita, kwa sababu walimjua mtu huyu. Kaggwa akawaambia wafanye haraka, bwana wao asije akakaa na njaa. Katekista wetu aliisimulia sehemu hiyo akiwa ameshika kofia mkononi, na kwaya ya vijana, walioshuka kwenye basi wakipiga kelele, ikanyamaza. Kaggwa ni msimamizi wa makatekista wa Uganda, na Baba Mtakatifu Fransisko alipokuja mwezi Novemba 2015 alikutana na makatekista na walimu papo hapo Munyonyo. Katekista wetu hakusema amejisikiaje kusimama pale. Aliuliza tu kama kuna mahali pa kununua kitabu.

Sina uhakika kama kauli ya Kaggwa ilikuwa upole au kejeli. Nimeigeuza kichwani mara nyingi. Shangazi anasema ni upole mtupu. Mimi naona hata kejeli, katika saa ile, inahitaji moyo uliokwisha kutulia zamani sana.

Kutoka Munyonyo hadi Namugongo, kupitia Mengo, wafungwa walitembezwa wamefungwa pamoja, na kila kilima kina shahidi wake. Kwenye kilima cha Old Kampala, penye msikiti mkubwa wa taifa unaoonekana kutoka kila upande wa mji, kuna kanisa la Matia Mulumba. Huyu alikuwa Msoga, alitekwa akiwa mtoto, akalelewa Buganda na kupanda hadi kuwa mtawala chini ya mkuu wa Ssingo. Alipitia Uislamu, akawasikiliza Waprotestanti, ndipo akaingia Ukatoliki, akabatizwa mwaka 1882. Mtu aliyetafuta hivyo huwa hashiki jambo kijuujuu. Aliwaacha huru watumwa wake, akabaki na mke mmoja, akawa anafanya kwa mikono yake kazi ambazo mtu wa cheo chake aliwaachia wengine. Wauaji walimkata viungo, wakamfunga mishipa ili asife upesi, wakamwacha kichakani. Inasimuliwa kwamba baada ya siku mbili wapita njia walisikia mtu akiomba maji, walipomwona wakakimbia. Sikuweza kupiga picha pale.

Nakivubo ni habari nyingine. Huko ndiko alikouawa Balikuddembe, tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya wale Wakatoliki 22. Leo jirani na hapo kuna soko kubwa ambalo kila mtu analiita Owino, lakini jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Tuliingia. Marobota ya mitumba yamefunguliwa, suruali zinarushwa juu ya vichwa, mwanamke anapima njugu kwa kikopo, kijana anamvuta shangazi mkono ajaribu sweta. Bei ilitajwa kwa Kiganda, shangazi akajibu kwa Kihaya, wakaelewana vizuri hadi akalipata sweta kwa nusu ya alichoombwa.

Nilisimama kando ya robota la makoti nikamfikiria mtakatifu mwenye soko. Balikuddembe alikuwa mtumishi wa karibu wa Kabaka, msimamizi wa shughuli za ndani. Askofu wa Kianglikana James Hannington alipouawa Busoga kwa amri ya Mwanga, mwishoni mwa Oktoba 1885, Balikuddembe alikwenda akamwambia bwana wake kwamba amekosea, kwamba kama hakumtaka mgeni yule angemrudisha tu alikotoka. Tazama alivyofanya. Hannington hakuwa wa kanisa lake. Balikuddembe hakuulizwa maoni. Cheo chake, nyumba yake na shingo yake vilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa anamkosoa. Na alimkosoa uso kwa uso, akiwa mtumishi mwaminifu ambaye hata wapinzani wake walikiri uhodari wake kazini. Kabla hajakatwa kichwa alimtumia Kabaka ujumbe kwamba amemsamehe, ila atubu.

Nimefanya kazi katika ofisi za watu. Nawajua wengi, nami nimo, ambao wangejitolea kufa kwa ajili ya imani kabla ya kumwambia mkubwa wao, asubuhi ya Jumatatu, "Hapa umekosea."

Namugongo iko kilomita kama 15 kaskazini mashariki mwa katikati ya Kampala. Tulifika mkesha wa sikukuu, na sijawahi kuona watu wengi namna ile mahali pamoja. Walinzi wanakagua mifuko, wanawake wamelala juu ya kanga chini ya miti, wengine wanakanda miguu iliyovimba. Wapo Wakenya waliotembea tangu kwao, wapo Wakongo wanaosali kwa Kiswahili cha mashariki ya kwao, Wanyarwanda, na Watanzania tukipigiana mbinja kutambuana. Kuna ziwa dogo lililotengenezwa, na altare ya Misa kuu imejengwa majini. Watu huchota maji yake kwenye madumu ya kila rangi. Kanisa lenyewe, lililochorwa na msanifu wa Uswisi Justus Dahinden na kuwekwa wakfu mwaka 1975, lina umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, na nguzo 22. Altare yake iko mahali alipouawa Lwanga. Paulo wa Sita, aliyewatangaza watakatifu mwezi Oktoba 1964, alikuja mwenyewe mwaka 1969.

Usiku huo hakuna aliyelala, kwa hiyo tulizungumza. Katekista alisimulia jinsi wafungwa walivyokaa Namugongo juma zima wakisubiri kuni zikusanywe, hadi tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana. Tunalo shahidi wa kuaminika: Denis Kamyuka, mmoja wa vijana watatu walioachiwa dakika za mwisho, aliishi hadi kutoa ushuhuda wake. Wakafungwa kwenye mikeka ya matete. Lwanga alitengwa, akachomwa peke yake, kuanzia miguuni. Mbaga Tuzinde alikuwa mwana wa nyumba ya mkuu wa wauaji, Mukajanga, ambaye alimbembeleza akane, au angalau akubali kufichwa. Alipokataa, mzee aliamuru apigwe rungu kwanza, asiusikie moto.

Lakini mimi nilimwomba arudie sehemu moja aliyoipita haraka, ile ya Mukasa Kiriwawanvu na Gyavira Musoke. Hawa wawili waligombana, na Mukasa alikuwa kifungoni kwa sababu ya ugomvi huo siku ile wenzake wanahukumiwa. Angeweza kubaki na kosa lake dogo na akapona. Akachukuliwa pamoja nao, na alipokutana na Gyavira walipatana papo hapo, wakaenda pamoja. Kuna pia Bruno Sserunkuuma, mtu wa hasira za karibu, aliyewahi kupokea wanawake wawili kutoka kwa Kabaka, kisha akawaondoa na kufanya toba. Watakatifu hawa hawakuwa malaika waliokosea njia wakaangukia Buganda. Walikuwa na ugomvi wa bwenini. Waliumaliza.

Baada ya Misa nilimwambia shangazi nataka kuona upande wa Waanglikana, ulio mwendo mfupi tu kutoka pale. Hakuwahi kwenda. "Twende," alisema, "maadamu kiti unabeba wewe." Mashahidi wa Kianglikana ni 23, na wengine wao waliteketea siku ileile, mahali palepale, na Wakatoliki. Huko kuna jumba la kumbukumbu lenye sanamu za wafungwa waliofungwa kwenye matete, na wauaji wakichochea moto. Sanamu ni za ukubwa wa mtu. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake kwa nini huyu anayechochea anafanana na mjomba. Hapakuwa na jibu zuri.

Kwa Waanglikana wa Uganda mlolongo wa mashahidi haukuishia 1887. Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimpelekea Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia, na Februari 1977 Luwum akauawa. Nilimkumbuka Balikuddembe na Hannington: safari ile Mkatoliki alimtetea Mwanglikana. Na kabla yao wote, katika miaka ya 1870, Mutesa aliwaua hukohuko Namugongo vijana Waislamu wa Buganda waliokataa kula nyama ya ikulu kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu. Msikiti wao wa kumbukumbu upo. Mahujaji wengi tuliwapita bila kujua.

Mwanga naye alimalizia maisha uhamishoni Shelisheli, akafa mwaka 1903, akiwa amebatizwa, Mwanglikana. Shangazi alipolisikia hilo alikaa kwenye kiti chake akacheka hadi akajifuta machozi.

Kuna mtu mmoja ambaye hana nguzo kwenye kanisa lile. Nowa Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana, alipouawa tarehe 31 Mei 1886, dada yake Munaku, bado msichana, alijitokeza kwa wauaji akawaambia wamuue naye. Wakamchukua mateka badala yake. Alistahimili vitisho vya bwana aliyemchukua, mapadre wakamkomboa, akabatizwa, hakuolewa, akaishi miaka mingi akiwahudumia wengine. Kaka alifanya alichofanya kwa asubuhi moja. Dada alikifanya hadi uzeeni, akiamka, akichota maji, akifundisha watoto wa watu. Nilipomwambia shangazi kwamba ningekuwa Mkatoliki ningempigia kura Munaku, aliniambia sheria hairuhusu, hajatangazwa, na kwamba isitoshe mimi ni Mlutheri na sina kura.

Kura zilipigwa wiki chache baadaye, baada ya ibada ya jumuiya, sebuleni kwa mwenyekiti. Shangazi alitoa hotuba ndefu kuhusu Minziro na kukomboa watumwa. Bahati mbaya wanakwaya walikuwa wengi, na walikuwa na Kaggwa wao mkuu wa ngoma. Kaggwa alishinda. Muzeeyi akawa wa pili, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba shangazi alidai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa, Kaggwa akaongeza kura moja iliyokuwa imenata nyuma ya nyingine.